Maswali Matano ya Mwinjilisti Zebedayo

Nikisema baridi, nyinyi vijana mnafikiria ile ya kuvaa sweta mbili na kulalamika kwa simu. Sisi tulizaliwa ndani ya baridi yenyewe. Hapa Cheptiret, asubuhi, nyasi zilikuwa nyeupe kama mtu amemwaga unga, na viatu tulikuwa tunaviona kwa miguu ya Kaburu mwenye shamba na ya chifu peke yake. Kwa hiyo ukiamka, kitu cha kwanza siyo chai. Kitu cha kwanza ni kukimbia bomani kabla ng'ombe hawajasimama, umfukuze mmoja pale alipolala, halafu usimame hapo kwa ule udongo wenye joto. Miguu inarudi polepole, kidole kimoja kimoja, na inawasha mpaka unacheka peke yako.

Tulikuwa tunapigania ng'ombe. Kulikuwa na mmoja mwekundu, mpana kama meza, aliyeacha joto la kutosha watoto watatu, na huyo alikuwa wa kaka yangu mkubwa kwa sababu ya ngumi zake. Mimi nilikuwa na ndama. Ndama anaacha joto la mguu mmoja na nusu. Na ng'ombe akikojoa, hapo ulikuwa unaingiza miguu haraka kabla mwenzako hajakuwahi. Msicheke. Wa rika langu wanajua ninachosema, hata wale ambao siku hizi wana gari na wanajifanya hawajui. Mama alikuwa anatuangalia kutoka mlango wa jikoni na kusema, "Endeleeni tu, nyinyi mtaota kwato." Hatukuota.

Shule nilifika darasa la nne. Niliacha kwa ajili ya hao hao ng'ombe, maana kaka yangu alienda kufanya kazi Eldoret na lazima mtu achunge. Kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya hapa, laumuni ng'ombe.

Siku moja tu kwa wiki hatukuingia bomani asubuhi, na hiyo ni Jumapili. Gogo, yaani nyanya yangu, alikuwa ametuosha miguu Jumamosi jioni kwa jiwe, na mtu aliyeoshwa kwa jiwe na Gogo hakanyagi mavi tena mpaka ibada iishe. Tulikuwa tunaenda kanisani na miguu safi, na baridi mpaka kwa goti. Kanisa letu lilikuwa kwa kilima kidogo juu ya mto, kuta za mabati yaliyotobokatoboka, sakafu Gogo na wenzake walikuwa wanaipaka kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa. Ukikaa karibu na ukuta, jua lilipita kwa matundu ya misumari likakuchora madoadoa. Watoto tulihesabiana madoadoa wakati wa mahubiri. Viti vilikuwa mabanzi ya mbao, upande mmoja laini, upande mwingine bado una gome la mti, na ukikaa vibaya ulirudi nyumbani na kibanzi mahali pa aibu.

Hayo mabanzi yaliletwa na Mwinjilisti Zebedayo, na huyo ndiye nilitaka kuwaambia habari zake tangu mwanzo, ni vile maneno yana miguu yake.

Zebedayo alitoka upande wa Kakamega. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shingo yake kama ya mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Wiki nzima alifanya kazi kwa kiwanda cha mbao huko karibu na Burnt Forest. Hakukata mbao. Kazi yake ilikuwa ya getini, kuandika watu waliokuja kutafuta kibarua. Jumamosi alipanda baisikeli yake, akaja mpaka kwetu, akalala kwa nyumba ya babu yangu, ambaye tulimwita Guga, na Jumapili akahubiri. Koti lake lilinuka mbao mpya. Ukimsalimia alikuinamia, na vumbi la msumeno lilikuangukia kichwani. Gogo alimpa mursik kwa kibuyu, haya maziwa yetu ya kulala yenye mkaa, na kwa sababu kwao hawayajui, aliyanywa akiwa amefumba macho kama mtu anayebatizwa. Akimaliza alisema, "Mama, asante, imefika," na Gogo alifurahi akamwongeza.

Sasa, sifa yake kubwa haikuwa mahubiri. Kwa mahubiri watu walilala. Sifa yake ilikuwa kuongea na pepo.

Nimeenda na mjukuu wangu kwa hii mikutano ya sasa ya Eldoret. Nimeona. Vipaza sauti vikubwa kama choo, kijana mwenye suti ya kung'aa anaruka, mtu anasukumwa kichwa, mwingine amesimama juu ya kiti na simu anarusha moja kwa moja ili watu wa Marekani waone. Pepo mwenyewe anaulizwa swali na kabla hajajibu ameshawekewa kinanda. Nilimwambia mjukuu wangu, huyu pepo hata kama angetaka kutoka, atapitia wapi na hizi nyaya zote. Akaniambia, "Guga, hiyo ni anointing, upako." Sawa.

Zebedayo hakupiga kelele. Mtu akianguka, aliomba kigoda, akakaa karibu na kichwa chake, akakunja koti, akauliza kwa sauti ile ile aliyokuwa anatumia getini. Maswali yalikuwa matano. Jina lako nani? Kwenu ni wapi? Nani alikuleta? Umeingia lini? Unaondoka lini? Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kibarua huko kiwandani aliyajua hayo maswali, maana ndiyo hayo hayo, isipokuwa la mwisho. Hakuruka hata moja. Pepo akijaribu kujibu la tatu kabla ya la pili, alimwambia, "Pole pole, tutafika huko."

Na walijibu. Nakumbuka mama mmoja jirani, pepo wake aliulizwa jina akasema, "Naitwa Gari la Moshi." Kwenu ni wapi? "Kwa daraja la reli." Nani alikuleta? "Hakuna, nilipanda mwenyewe." Sisi watoto tulitaka kucheka, lakini Gogo alikuwa na vidole vya kufinya vilivyofika safu tatu. Unaondoka lini? Akasema, "Saa hii," na yule mama akatoa pumzi ndefu, kweli kama gari la moshi likifika stesheni, akalala usingizi mpaka tukamaliza sadaka. Alikuwa hajalala wiki tatu. Mimi hiyo naiamini mpaka leo, na mtu asiniulize zaidi.

Kulikuwa na kanuni mbili, na lazima niwaambie zote mbili ndiyo mfuate vizuri.

Ya kwanza ilikuwa ya wazee wa kanisa. Mtu akianguka akaanza kusema kwa lugha yetu ya nyumbani, hao walisema ni ugonjwa au ni huzuni, mpeni maji, mpelekeni kwa dispensari. Lakini akianguka na kusema Kiswahili, huyo ni pepo. Walikuwa na sababu. Kina mama wengi wa boma zetu hawakujua Kiswahili hata cha kununua chumvi kwa duka la Mhindi, walikuwa wanaonyesha kwa kidole. Sasa mtu kama huyo akifungua mdomo na kumwaga Kiswahili, kitakuwa kimetoka wapi? Hivyo ndivyo tuliamini, na hakuna aliyejiuliza kama mama anaweza kusikia kitu barabarani miaka kumi, akakinyamazia.

Kanuni ya pili ilikuwa ya Zebedayo mwenyewe. Pepo hapewi kitu. Akisema nipe kuku nitoke, nipe kitambaa chekundu nitoke, mnyime. Alituambia, "Ukimpa leo, kesho ataleta ndugu zake watafute kazi."

Haya. Sasa nije kwa senge yangu Rael.

Senge kwetu ni dada ya baba. Rael alikuwa kitindamimba wa Guga, msichana wa kama miaka ishirini, na kwa vile mama yangu alikuwa na watoto wengine wadogo, mimi nilikuwa kama mkia wa Rael. Akienda mtoni niko. Akienda kuokota kuni za miti ya miwati niko. Na mara mbili kwa wiki tulienda posho mill, ile mashine ya kusaga unga, pale barabarani, yeye na debe la mahindi kichwani, mimi na kazi ya kubeba kifuniko. Posho mill ilikuwa dunia nyingine. Injini ilipiga mpaka kifua kikatetemeka, unga mweupe kwa kope za kila mtu, na watu wa kila kabila kwa foleni moja: wa kutoka magharibi waliofanya kazi kwa mashamba, wenye maduka, madereva wa kwenda Nakuru. Foleni ilikuwa ndefu na Kiswahili kilikuwa cha bure.

Rael alikiokota. Miaka mitatu alikiokota kama mtu anaokota mahindi yaliyoanguka, punje kwa punje, bila kumwambia mtu nyumbani, kwa sababu Guga alisema msichana anayejua Kiswahili anaishia kwa hoteli za Eldoret. Barabarani aliongea. Akifika mlango wa boma, alikimeza. Mimi nilijua na nilinyamaza, maana njiani alininunulia mkate wa senti tano ule wa duara.

Siku moja, Jumamosi, mwanamume mnene alijaribu kupitisha gunia lake mbele. Rael akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole, "Baba, foleni ina mkia. Wewe umeingilia kwa sikio." Watu walicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili asikie. Nikageuka nikaona baisikeli imeegemezwa, na kando yake Mwinjilisti Zebedayo amesimama, ametua hapo kupumzisha miguu. Naye alikuwa anacheka. Alimwambia Rael, "Binti wa Mzee, kumbe uko na ulimi." Rael akainamisha macho. Zebedayo akaweka kidole mdomoni, akapanda baisikeli, na jioni alipokuja kula kwetu hakusema neno.

Ilikuwa kama miezi miwili baadaye ng'ombe walikuja. Sita. Waliletwa na mzee mmoja wa huko Burnt Forest aliyekuwa na lori, na wakati huo mtu mweusi mwenye lori alikuwa kama mtu mwenye mlima. Alikuwa na bibi wawili na wajukuu wakubwa kuliko mimi. Alivaa kofia na hakuivua hata akila. Lori aliliita kwa jina, aliliosha mwenyewe kila Jumapili asubuhi na kitambaa ambacho bibi zake hawakuruhusiwa kugusa. Alitaka Rael awe wa tatu, na Guga alikuwa ameshakubali. Kuanzia hapo Rael alikuwa na wiki mbili za kujiokoa.

Alijaribu njia ya kawaida kwanza. Alimwambia Guga, mimi nikiwa nashika taa, "Baba, huyu mtu simtaki." Guga hakukasirika. Hakuwa mtu mbaya, na msimfikirie vibaya, alitupenda na alituchongea marungu madogo ya kuchezea. Alimjibu tu, "Ng'ombe wameshalala hapa," kama mtu anayesema mvua imeshanyesha. Rael akamwambia Gogo, Gogo akalia na kuendelea kukamua. Akaenda kwa Zebedayo, nyuma ya kanisa, akamweleza, na Zebedayo alienda kwa Guga siku hiyo hiyo. Niliwasikia nikiwa nafunga ndama.

"Mzee, msichana hataki."

"Mwinjilisti, wewe ni mgeni wangu. Kitanda nimekupa, maziwa nimekupa. Biblia ni yako, sijakuingilia. Ng'ombe niachie."

Zebedayo akasema, "Nimesikia, Mzee," na mursik hiyo jioni alikunywa macho wazi.

Basi Jumapili ya mwisho ikafika. Jumatatu Rael alikuwa anachukuliwa. Yule mzee alikuja kanisani na lori lake, akaliegesha kwa nyasi pale nje ambapo angeliona kupitia mlangoni, akaketi mbele na kofia yake. Tukaimba. Zebedayo akasoma. Na katikati ya maombi Rael akaanguka.

Alianguka vizuri. Hata leo nikikumbuka nasema alianguka vizuri, aliteleza kutoka kwa banzi kama gunia linalofunguka, na hakuna mtu aliyeumia. Wamama walikimbia na leso. Wazee wa kanisa walisimama kusikiliza ni lugha gani. Na Rael akasema, kwa sauti nzito, macho yamefungwa, "Msinishike. Huyu ni wangu."

Kwa Kiswahili.

Kanisa lilitoa mguno. Gogo alikaa chini hapo alipokuwa. Mimi hiyo sauti nzito ilikuwa ngeni kwangu, lakini Kiswahili nilikijua, kilikuwa kile cha posho mill, na kulikuwa na watu wawili tu hapo ndani waliokijua. Nikamwangalia Zebedayo. Hakuwa ananiangalia. Aliomba kigoda. Akakaa, akakunja koti, na mikono yake, ambayo kila mara ilikuwa imetulia, ilikuwa inasugua magoti.

"Jina lako nani?"

"Naitwa Sitaki."

Mtu wa nyuma akanong'ona, "Hilo ni jina la kabila gani?"

"Kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa. Kwa boma ya baba ya huyu msichana."

"Nani alikuleta?"

"Ng'ombe sita. Nilikuja nyuma yao nikitembea."

Vichwa vyote viligeuka kwa yule mwenye kofia. Yeye akageuka kuangalia nyuma yake, kama kwamba kuna mwingine.

"Umeingia lini?"

"Siku walipofungwa."

Hapo Guga alisimama. Guga alikuwa amefanya kazi kwa Kaburu miaka mingi na Kiswahili alikijua, na hakuwa mjinga. Alisema, "Ngojeni. Huyu msichana hajui Kiswahili?"

Gogo akajibu kutoka sakafuni, "Angejifunzia wapi, baba Rael?"

Guga akatafuta kwa macho, akaniona. "Kimutai, njoo."

Nilienda. Kutoka banzi langu mpaka kwa Guga ni hatua kama saba, na nilizihisi zote.

"Wewe ndiye unatembea naye. Umewahi kumsikia akiongea Kiswahili? Useme ukweli, uko kanisani."

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nilikuwa nimefundishwa na huyo huyo Zebedayo kwamba mtoto mwongo ulimi wake una kazi huko motoni. Nikaangalia miguu ya Rael, ilikuwa imetoka nje ya leso, na kidole kikubwa kilikuwa kinatetemeka.

"Hapana, Guga," nikasema.

Guga hakuridhika. Akamgeukia Zebedayo. "Mwinjilisti. Wewe ndiye unawajua hawa. Niambie mbele ya watu. Huyu ni pepo?"

Sijawahi kusikia kanisa limenyamaza hivyo. Bati likipanuka kwa jua lilikuwa linalia tik, tik. Zebedayo alimwangalia Rael, akamwangalia Guga, akaiangalia Biblia iliyokuwa imefunikwa kwa meza. Halafu akasema kwa sauti ya getini, "Ni pepo, Mzee."

Na akainama tena, akauliza swali la tano. "Unaondoka lini?"

"Hao ng'ombe wakivuka mto warudi kwao."

Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mwinjilisti, si ulitufundisha pepo hapewi kitu?"

"Nilifundisha. Huyu hajaomba kupewa. Ameomba warudishwe wenyewe."

"Na wakikaa?" akauliza Guga, sasa anaongea na pepo moja kwa moja.

"Wakikaa, kesho nitapanda lori na huyu msichana. Lakini mimi sipendi nyumba, kuna moshi. Nitakaa kwa injini."

Yule mwenye kofia alisimama. Kwanza aliangalia nje, lori liko. "Ng'ombe zangu ziko wapi?" akasema.

"Mzee mwenzangu," Guga akamwambia, "keti tuongee."

"Tutaongea zikiwa barabarani. Mimi sina ubaya na mtu. Lakini ile gari imenichukua miaka kumi na moja."

Ibada iliishia hapo, bila sadaka. Sisi watoto tulitumwa bomani tukawafungua wale sita, mchana kweupe, na nguo zetu za Jumapili, na tukawasukuma kuteremka kwa mto huku kanisa lote limesimama kilimani kutazama. Yule wa mwisho alikuwa mkaidi, alisimama katikati ya maji akanywa, akanywa tena, na huko juu nilisikia watu wanapiga kelele wakimwambia aendelee. Mkia wake ulipotoka majini, wanasema, Rael alifungua macho, akasema kwa lugha ya nyumbani kwamba ana kiu. Alikunywa kibuyu kizima.

Tangu siku hiyo Guga hakumpangia Rael mume tena bila kumuuliza. Aliogopa. Senge alienda kujifunza cherehani Eldoret, akashona sare za shule miaka mingi, akaolewa na mwalimu aliyemchagua mwenyewe, na sasa ni bibi mzee anayejua kila habari ya mji. Mwaka jana nilimuuliza kama anakumbuka. Akasema, "Nakumbuka vile sakafu ilikuwa baridi." Halafu akaniuliza kama nitaongeza chai. Nami sikuendelea, kwa sababu sisi wa zamani hatukufundishwa kuchimbua mtu. Hawa wa leo wangemweka kwa kiti, wamrekodi saa mbili, halafu waandike chini yake maneno ya matusi. Siku hizi msichana hahitaji pepo ili aseme sitaki, anaandika kwa simu na baba yake anaisoma akiwa kazini, na hiyo ni nzuri, sitadanganya. Lakini nakosa kitu. Nakosa ile namna kanisa zima lilinyamaza kungoja jibu. Nakosa mtu anayeuliza swali na kunyamaza. Nimetembea mikutano yote ya huu mji, na sijaona anayenyamaza.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kutoka mbali, maana habari ya ng'ombe sita ilikuwa imefika kila soko. Kanisa lilijaa mpaka wengine walisikilizia kwa matundu ya misumari. Mwanamume mmoja alikuwa amemleta mke wake kwa mkokoteni wa ng'ombe, msichana mdogo tu, ana mtoto anayenyonya. Alikuwa anatokwa jasho, anazungusha kichwa, na maneno yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa ya Kiswahili, yamevunjikavunjika. Wazee waliposikia, walisema ni wazi, wakamlaza mbele.

Zebedayo akaomba kigoda. Akakaa. Koti hakulikunja. "Jina lako nani?" akauliza, na yule msichana akasema kitu, na Zebedayo akabaki hapo. Tulingoja swali la pili. Halikuja. Akaweka mkono kwa paji la uso la yule msichana, akauacha hapo muda mrefu.

"Huyu anaungua," akasema. "Nani ana gari? Apelekwe hospitali Eldoret, leo."

"Lakini anasema Kiswahili," mzee wa kanisa akamwambia.

"Hata kama."

"Mwinjilisti, juma lililopita uliongea na pepo vizuri, sote tukaona. Leo umeshindwa na nini?"

Zebedayo akasimama. "Leo sijui anayenijibu ni nani," akasema. "Mpelekeni."

Walinung'unika, lakini walimpeleka, na ilikuwa ni kifua, na nilisikia baadaye kwamba alipona ingawa madaktari walisema angechelewa siku moja tu wangempoteza. Kulikuwa na wengine kama wanne kwa foleni wanangoja. Zebedayo hakuwaita. Alimwomba mzee wa kanisa afunge kwa maombi, na wakati macho yote yalikuwa yamefungwa, isipokuwa yangu, alipita katikati ya mabanzi akatoka.

Nilimfuata. Alikuwa anafunga mfuko wake kwa baisikeli na kamba ya katani. Aliniona, akaendelea kufunga.

"Kimutai. Ile siku ulidanganya kwa nini?"

"Kwa sababu ya senge."

Alitingisha kichwa kama mtu aliyesikia bei na kuiona ya haki. "Hata mimi," akasema.

Nilimuuliza kama Gogo amwekee mursik ya Jumamosi. Akaniwekea mkono kichwani, na vumbi kidogo la mbao likaniangukia kwa sikio. Akaishika baisikeli kwa usukani, akateremka nayo kilima kwa miguu, akapita posho mill iliyokuwa imefungwa, akaingia barabara kuu akashika upande wa Burnt Forest. Ndani ya kanisa walikuwa wamemaliza kuomba, wakaanza kuimba wakimngoja. Jumamosi Gogo aliweka kibuyu mezani, na Jumamosi nyingine, na nyingine. Mtu alitumwa kiwandani kuuliza, akaambiwa getini kuna mwingine anaandika.